Coppi, karuho na mbu wa Ouagadougou: kweli au uongo?

Septemba 2025, mbio za ubingwa wa dunia wa baiskeli zilipokuja Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, sisi wa Kivu, upande wa Kongo wa mpaka, tulizitazama kwenye simu, vichwa vitano juu ya kioo kimoja chenye ufa. Pogačar alipochomoka akabaki peke yake, zikiwa zimesalia kilomita zaidi ya 60, mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa huko Masisi, akaguna. "Huyu anarudia ya Coppi," akasema. Tukamwuliza Coppi ndiye nani. Mwitaliano, akatuambia, bingwa wa mabingwa wa zamani. Alikuja Afrika kushindana, akala chakula cha wenyeji, akawekewa karuho, akarudi kwao kufa.

Mtu wa Kivu haulizi karuho ni nini. Kwa msomaji wa Mombasa au Muscat: ni sumu ya kutegwa, inayosemwa kutiwa kwenye pombe au kwenye sombe, yaani kisamvu, na jina lake halikosi kutajwa matangani kila mtu mwenye nguvu zake anapoanguka ghafla. Nilianza kufuatilia habari za Coppi kwa ajili ya hilo la karuho tu. Nikakuta mengine mengi, mengine ya kweli, mengine yametiwa chumvi. Nayapanga hapa kama nilivyoyasikia, ingawa machache yamekataa kukaa upande mmoja.

"Alikuwa mtoto wa matajiri, baiskeli kwake ilikuwa mchezo"

Uongo. Angelo Fausto Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 huko Castellania, kijiji cha vilimani katika jimbo la Piemonte, kaskazini mwa Italia, katika nyumba ya wakulima. Kinga yake ya kwanza, maana ndivyo sisi huita baiskeli, aliikuta imetupwa kwenye ghala chini ya nyumba, kutu tupu, breki hakuna. Siku moja akatoroka shule ili aiendeshe, na mwalimu akamwandikisha mara 100 kwamba alipaswa kuwa darasani, si juu ya baiskeli. Alipokua kidogo akapata kazi kwenye duka la nyama mjini Novi Ligure, akawapelekea wateja vifurushi vyao kwa baiskeli, akipanda na kushuka vilima vile mchana kutwa.

Hapo ndipo alipokutana na Biagio Cavanna, bondia wa zamani aliyepofuka macho akawa mkandaji wa wanariadha. Cavanna hakuweza kumwona kijana akiendesha. Alimshika tu mapaja, mashavu ya miguu na kifua, akasoma kwa vidole kilichomo. Sura ya Coppi yenyewe ilidanganya: miguu mirefu myembamba kama ya korongo, kifua kama pipa, mabega yaliyoinama. Akitembea alionekana kama mgonjwa. Akipanda baiskeli, waliomwona wanasema hukujua tena mtu anaishia wapi na chuma kinaanzia wapi.

"Alimpora ubingwa kiongozi wake"

Hili linategemea unamsimulia mtu wa Bartali au mtu wa Coppi, na Italia ya miaka ile iligawanyika hivyo kweli. Mwaka 1940 Coppi aliingia timu ya Legnano kama mtumishi wa Gino Bartali, nyota wa wakati huo. Mtumishi katika mbio za baiskeli ni yule anayemkinga bwana wake na upepo, anayemletea maji na anayempa gurudumu lake likipasuka. Mapema katika Giro, yaani mbio za kuizunguka Italia, mbwa akakatiza barabara na Bartali akaanguka. Coppi akaenda mbele, akavaa jezi ya waridi ya anayeongoza, na mwishoni Bartali mwenyewe akamsaidia kuitetea milimani. Akashinda akiwa na miaka 20. Hakuna aliyewahi kuishinda Giro akiwa na umri mdogo kuliko huo.

Mbio zile ziliisha tarehe 9 Juni. Kesho yake Mussolini akaitangazia Ufaransa na Uingereza vita.

"Vita haikumgusa, mabingwa hulindwa"

Uongo, ingawa mwanzoni ilielekea kuwa kweli. Aliruhusiwa kushindana kwa muda, na tarehe 7 Novemba 1942, katika uwanja wa Vigorelli mjini Milano, mji ulioishi kwa hofu ya ndege za mabomu, aliweka rekodi ya saa moja: kilomita 45.798. Rekodi hiyo ilikaa miaka 14 hadi Jacques Anquetil alipoivunja mwaka 1956. Kisha akapelekwa Afrika Kaskazini na jeshi la miguu. Aprili 1943 Waingereza wakamkamata Tunisia. Hivyo safari yake ya kwanza Afrika ilikuwa ya bunduki, na makazi yake yakawa kambi ya wafungwa. Yupo mwanajeshi Mwingereza, mpenzi wa baiskeli, aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi kambini, akainua macho na kukuta anayemkata nywele ni mshika rekodi ya dunia.

Mtu wa Masisi hahitaji kuelezwa vita hula nini kwenye ujana wa mtu. Coppi alipoteza msimu baada ya msimu wa umri wake bora. Ukiisoma orodha ya ushindi wake, usisahau lile shimo lililoko katikati.

"Aliendesha kilomita 192 peke yake milimani"

Kweli, na hapa naomba tukae kidogo.

Tarehe 10 Juni 1949, hatua ya Giro kutoka Cuneo hadi Pinerolo, kilomita 254, milima mitano: Maddalena, Vars, Izoard, Montgenèvre na Sestriere. Barabara nyingi za kule juu zilikuwa bado za udongo na changarawe, na siku hiyo zilikuwa tope. Coppi alichomoka kwenye mlima wa kwanza. Mtangazaji wa redio Mario Ferretti alipofungua matangazo hakuwa na la kueleza zaidi ya kwamba mbele yuko mtu mmoja tu, jezi yake nyeupe na samawati, na jina lake ni Fausto Coppi. Waitaliano wanakumbuka maneno hayo hadi leo. Bartali, aliyefika wa pili, alimfuata dakika 11 na sekunde 52 baadaye.

Kwa mtu wa hapa: kutoka Goma hadi Sake ni kama kilomita 25. Nenda, urudi, na ufanye hivyo karibu mara nne, kisha badala ya tambarare ya lava weka mpando wa kutoka Sake kuelekea Masisi, ule unaowafanya madereva wa malori wazime muziki. Peke yako, na nyuma kuna watu wanaokutaka. Na miaka mitatu kabla ya hapo, mbio za Milan–San Remo za 1946, za kwanza baada ya vita, alikuwa ameshinda kwa dakika 14.

Mwaka huo wa 1949 akashinda Giro na Tour de France kwa pamoja, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Mwaka 1952 akalirudia. Hesabu nzima ni Giro tano (1940, 1947, 1949, 1952, 1953), Tour mbili, Giro di Lombardia tano, Milan–San Remo tatu, Paris–Roubaix moja, na ubingwa wa dunia wa barabara mjini Lugano mwaka 1953. Tour ya 1952 aliimaliza akiwa mbele kwa dakika zaidi ya 28.

"Ni mashine iliyomshindia"

Nusu kweli. Baiskeli zake za Bianchi, za rangi ile ya samawati ya anga, zilikuwa bora kwa wakati wake. Lakini tazama alivyobadilisha gia alipoishinda Paris–Roubaix mwaka 1950. Kwenye fremu karibu na gurudumu la nyuma kulikuwa na mkono wa chuma wa Campagnolo. Ili kubadili gia, mwendeshaji alipeleka mkono nyuma ya paja lake bila kusimama, akakilegeza kile kinacholibana gurudumu, akakanyaga pedeli kinyumenyume ili mnyororo uhame, akalibana tena, na hayo yote huku baiskeli ikirukaruka juu ya mawe ya barabarani. Akikosea, gurudumu linakaa upande.

Nilipolisoma hili nilimfikiria mwendesha chukudu. Chukudu, kwa asiyeijua, ni kinga ya mbao isiyo na pedeli wala mnyororo: ubao mnene wa mkaratusi, usukani mpana kama pembe za ng'ombe, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Goti moja hukaa juu ya kipande cha ndala kilichopigiliwa misumari, mguu wa pili unapiga barabara. Ikishuka na kilo mia kadhaa za makaa au viazi, breki ni kipande cha tairi kinachokandamizwa kwa kisigino dhidi ya gurudumu la nyuma hadi kinuke. Huko nako kosa moja lina gharama. Goma imeisimamishia chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Castellania nako, mwaka 2019, kijiji kiliongeza jina la mwanawe kwenye jina lake, kikawa Castellania Coppi.

"Yeye na Bartali wasingepeana hata maji"

Uongo, na ushahidi ni picha. Tour ya 1952, mlimani Galibier, mpiga picha Carlo Martini aliwanasa wawili hao wakipokezana chupa. Kinachobishaniwa hadi leo ni nani alikuwa anampa nani. Bartali alisema ni yeye. Watu wa Coppi walisema ni Coppi. Mimi naona ni ubishi mtamu usiohitaji mshindi.

"Hakutumia dawa, zamani watu walikuwa safi"

Uongo, na aliyetoboa siri ni yeye mwenyewe. Alipoulizwa hadharani kama wakimbiaji humeza vile vichangamshi walivyoviita bomu, alikubali. Na yeye je? Inapobidi, akasema. Na hubidi lini? Karibu kila mara. Wakati ule hapakuwa na sheria ya kukataza, ila hakujificha nyuma ya hilo.

"Kanisa na serikali vilimwandama kwa sababu ya mwanamke"

Kweli. Giulia Occhini, ambaye magazeti yalimwita Bibi Mweupe kwa koti lake, alikuwa mke wa daktari, na Coppi alikuwa na mke wake. Uzinzi ulikuwa kosa la jinai Italia. Polisi walikuja kuwasaka usiku, na mwaka 1955 wakahukumiwa vifungo vilivyoahirishwa. Mwana wao alizaliwa Argentina ili apewe jina la baba. Mengi yameandikwa juu ya hili kuliko linavyostahili. Msiba uliomvunja, kwa maoni yangu, ulitangulia: Juni 1951 mdogo wake Serse, mkimbiaji mwenzake, alianguka karibu na mwisho wa mbio za Piemonte, gurudumu likiwa limenasa kwenye reli ya tramu mjini Torino. Akainuka, akarudi hotelini kwa baiskeli, jioni akafariki kwa damu kuvujia kichwani.

"Alikufa kwa karuho"

Sasa turudi kwa mzee wetu.

Desemba 1959 Coppi, mwenye miaka 40, alialikwa Volta ya Juu, Burkina Faso ya leo, ambako Rais Maurice Yaméogo alikuwa anaadhimisha mwaka mmoja wa jamhuri. Walikuwamo Anquetil, Raphaël Géminiani na wengine kutoka Ufaransa. Wakashindana na wenyeji mjini Ouagadougou, kisha wakaenda kuwinda. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja, na Géminiani alisimulia baadaye jinsi mbu walivyokuwa wamejaa usiku ule.

Wakarudi makwao, kila mmoja kwake. Kabla mwaka haujaisha wote wawili walikuwa kitandani, homa kali, kichefuchefu, mwili unatetemeka. Géminiani alipimwa damu Ufaransa, ikaonekana ni malaria ya falsiparamu, ile mbaya kuliko zote, akapewa kwinini. Alizimia siku kadhaa akazinduka. Coppi alitibiwa kama mtu wa mafua makali na mapafu. Husimuliwa kwamba watu wa Géminiani walipiga simu Italia kusema ni malaria, wakajibiwa kila mmoja amtibu wa kwake. Asubuhi ya tarehe 2 Januari 1960, katika hospitali ya Tortona, Coppi alifariki.

Ule ulikuwa mwaka wa uhuru wa Kongo na wa Volta ya Juu pia, na habari za mzungu aliyekufa kwa homa ya Afrika zilipotea katika kelele za ngoma. Kumbe Italia hazikupotea. Januari 2002 gazeti la michezo la Corriere dello Sport lilichapisha madai ya afisa mmoja wa kamati ya Olimpiki ya Italia, kwamba mtawa aliyeishi Burkina Faso alimweleza Coppi alinyweshwa mchanganyiko wa majani, kulipiza kisasi cha mkimbiaji wa Ivory Coast aliyefia mbioni. Waendesha mashtaka wa Tortona wakafungua faili. Likazungumzwa hata suala la kuufukua mwili. Mwaka huohuo faili likafungwa: ni malaria.

Kwa hiyo mzee wetu hakubuni. Hadithi yake iliandikwa na Waitaliano wenyewe, miaka 42 baada ya maziko, na inafanana neno kwa neno na za kwetu. Mtu mwenye nguvu, safari ya mbali, chakula cha wageni, kifo cha ghafla, mlipiza kisasi asiyeonekana. Nilipomsimulia, alinyamaza, halafu akauliza swali ambalo ningetamani lingeulizwa matangani kwetu: "Damu yake nani aliipima?"

Hakuna aliyetafuta malaria ndani yake kwa wakati.

"Mtu mwenye mapafu yale hauawi na mbu"

Uongo, na huu ndio uongo unaonikera, kwa kuwa nausikia kila msimu. Nguvu za mwili si kinga ya palu, yaani malaria. Kinga ya palu, ile kiasi inayopatikana, huja kwa kuumwa na mbu tangu utotoni na kuugua mara kwa mara, na hata hiyo hupungua ukikaa mbali. Wale wenyeji waliokimbia na Coppi mjini Ouagadougou walikua nayo. Yeye alitoka vilima vya baridi akaingia kwenye joto bila chochote.

Ramani yetu ina vitu hivyo viwili bega kwa bega. Masisi ni nyanda za juu, malisho na ng'ombe na jibini, usiku unajifunika blanketi mbili; mbu wapo lakini baridi huwapunguzia kasi, na mtu anaweza kukua huko bila kuugua sana. Ukishuka magharibi kuelekea Walikale, barabara inaingia msituni, hewa inakuwa nzito, mito imejaa, na palu inaanza kuwa jambo la kila nyumba. Kila mara bei ya kasiteriti, madini ya bati, inapopanda, vijana wa juu hushuka kwenda machimboni, wale wale wenye vifua vya kupanda mlima na gunia mgongoni. Wiki mbili tatu baadaye mmoja anatetemeka chini ya turubai. Wenzake wanasema ni uchovu, kisha ni mafua, kisha, akianza kuweweseka, ni karuho ya mtu aliyegombana naye shimoni. Ni Coppi kabisa, ila huyu hana magazeti.

Mama wa Walikale angemtazama Coppi kitandani dakika moja tu akasema ni palu, kapimeni damu. Tone moja la kidole kwenye kipimo cha haraka, dakika 15, mstari unatokea au hautokei. Mwaka 1960 kipimo hicho hakikuwapo, lakini darubini ilikuwapo na kwinini ilikuwapo, hata Italia, nchi iliyokuwa imetoka juzi tu kuifukuza malaria kwenye mabwawa yake. Daktari hakuwa akiitafuta tena. Sisi, tunaoishi katika nchi ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria baada ya Nigeria, hatuitafuti kwa sababu nyingine: tunaona ni ndogo mno kumwua mtu mzima.

Géminiani, aliyelala chumba kilekile na mbu walewale, alifariki Julai 2024. Alikuwa na miaka 99.

"Alipokufa alikuwa ameshaachana na mbio"

Uongo, la mwisho. Mwili ulikuwa umechoka, mifupa yake ilikuwa imevunjika mara nyingi, hata nyonga katika Giro ya 1950, na ushindi ulikuwa umekoma. Lakini kwa msimu wa 1960 alikuwa ameandaliwa timu mpya, San Pellegrino, yeye akiwa nyota mkongwe na mkurugenzi wake akiwa si mwingine ila Gino Bartali. Timu ilikimbia bila yeye. Mwezi Mei, katika hatua ya kukimbizana na saa ya Giro mjini Sorrento, kijana wao Romeo Venturelli, ambaye Coppi alikuwa amempigia debe, alimshinda Anquetil na kuvaa jezi ya waridi.